Safari ya Likizo: Ujiji, Ziwa Tanganyika na Milima Yake

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha ualimu alituletea kitabu cha jiografia, kidole chake kikiwa juu ya picha. Picha ile ilikuwa ya Machu Picchu, mji wa mawe uliojengwa na Wainka juu ya mlima katika nchi ya Peru, Amerika ya Kusini. Akasema, "Mwalimu, watu huvuka bahari na kulipa fedha nyingi ili waongozwe kwenda kutazama mawe haya. Sisi wa Kigoma tuna nini cha kuonyesha?"

Swali hilo halikuwa la utovu wa adabu. Lilikuwa swali la haki, na hatukuweza kulijibu tukiwa tumekaa darasani. Ndipo tulipokata shauri kuchukua wanafunzi kumi na wawili wakati wa likizo, twende nao Ujiji na pwani ya Ziwa, tukiongozwa na wenyeji. Katika mazungumzo haya twataka kuwaeleza tuliyoyaona.

Kwanza habari ya Wainka, maana ndiyo iliyotutoa nyumbani. Watu hao walikuwa na dola kubwa katika milima ya Andes kabla Wahispania hawajaivamia mwaka 1532. Hawakuwa na magari wala farasi, walakini walitengeneza barabara ambazo urefu wake wote pamoja wapata maili 18,000. Wapiga mbio walipokezana habari kutoka kituo hata kituo, na mizigo ilikwenda migongoni mwa watu na ya llama, mnyama wa jamaa ya ngamia asiye na nundu. Vitabu vingi husema kwamba Machu Picchu uligunduliwa mwaka 1911 na Hiram Bingham, Mmarekani. Lakini Bingham aliongozwa na mkulima wa pale, jina lake Melchor Arteaga, na alipofika juu alikuta watu wakilima katika matuta yale yale ya kale, na mtoto mmoja akamtembeza. Basi aliyegundua ni nani?

Siku hizi mtu hawezi kuipita peke yake ile njia ya kale iendayo Machu Picchu. Sharti awe na kiongozi mwenye kibali, na wanaoruhusiwa kuianza kila siku ni watu 500 tu, pamoja na viongozi na wapagazi wao. Tena sheria ya nchi imeweka mpaka wa mzigo wa mpagazi, kilo 20. Tafadhali iwekeni akilini hesabu hiyo, kwa kuwa tutairudia.

Sisi nasi tuna njia yetu. Ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora, ikaishia Ujiji, zaidi ya maili 700 kwa miguu. Wazungu wawili, Burton na Speke, walitoka pwani Juni 1857 na hawakuliona Ziwa ila Februari 1858. Siku ile Burton alikuwa mgonjwa wa homa hata miguu haina nguvu, na macho ya Speke yalikuwa mabovu, haoni vema. Burton aliona kitu king'aacho mbali, akamwuliza Sidi Mubarak Mombay ni nini kile, naye akamjibu kwamba kwa rai yake ndiyo maji yenyewe.

Huyo Mombay yafaa ajulikane kwa kila mtoto wa shule. Alikuwa Myao, akakamatwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi. Alipopata uhuru alirudi Afrika. Aliongozana na Burton na Speke mpaka Ujiji, kisha na Speke na Grant mpaka mto Nile, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron aliyelivuka bara zima kutoka bahari ya mashariki mpaka ya magharibi. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza ilimpa nishani ya fedha. Tukiwauliza wanafunzi wetu majina ya wasafiri wa zamani, watano hutajwa kwa pumzi moja, na Mombay hatajwi.

Kosa ni letu walimu. Mwaka uliotangulia tulikwenda Ujiji na kijana aliyejiita kiongozi. Alitusimamisha mbele ya mnara, akatuambia kwamba hapa Stanley alikutana na Livingstone, akataka ujira wake, akaenda zake. Robo saa haikutimia. Nasi tuliandika daftarini kama tulivyoambiwa, tukapanda gari tukarudi.

Safari hii tulimtafuta mzee mmoja aliyezaliwa Ujiji, ambaye jamaa zake wamekaa mjini kwa vizazi vingi. Tulimkuta barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kutazama mnara, au mmekuja kutazama Ujiji?"

Hatukujua la kujibu. Akacheka, akatwaa bakora yake, lakini hakutupeleka kwenye mnara. Alitupeleka ufukoni, penye mitumbwi na dagaa walioanikwa juani, akasimama mbele ya duka, akamwambia mwenye duka apime chumvi ya Uvinza kilo thelathini na mbili katika gunia. Akasema, "Hizi ni kama frasila mbili za zamani. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe alichukua kadiri hii. Nani mwenye nguvu katika ninyi?"

Alitokea kijana wetu mmoja, mchezaji mpira mashuhuri. Akajitwika gunia kichwani huku wenzake wakimshangilia. Tukafuata njia ya mchanga kupanda kwenda kwenye mnara, mzee mbele na bakora yake, nasi nyuma. Kabla ya nusu ya njia kelele zilikwisha. Kijana alilihamishia gunia begani, akalirudisha kichwani, akalihamisha tena. Tulipofika chini ya miembe alilitua, jasho likimtiririka, shingo haigeuki. Mzee akamtazama kwa huruma, akasema, "Pole, mjukuu wangu. Hujatoka nje ya mji. Bado Bagamoyo."

Hapo ndipo alipotueleza habari za mnara. Umechongwa ramani ya Afrika, na karibu yake imeota miembe ambayo husemwa ni wazao wa ule mwembe wa kale. Livingstone alifika Ujiji kwanza mwaka 1869. Alirudi Oktoba 1871 kutoka Manyema, dhaifu na mwenye huzuni, maana alikuwa ameona kwa macho yake watu wakiuawa kwa bunduki katika soko la Nyangwe. Tena akakuta vitu alivyoletewa vimekwisha kuuzwa. Novemba ya mwaka ule Stanley akafika na msafara wake, baada ya mwendo wa miezi minane. Aliyetoka kwanza kumlaki hakuwa Livingstone. Alikuwa mtumishi wake, Abdullah Susi, aliyemsalimu Stanley kwa Kiingereza, kisha akatimua mbio kwenda kumwarifu bwana wake. Na Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na mwenziwe Chuma na wengine waliukausha mwili wake juani, wakauchukua kwa miguu mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi.

Msichana mmoja akauliza, "Babu, hao wapagazi walikuwa watumwa?"

Swali hili twaomba tulijibu kwa utuvu, kwa kuwa hata vitabu huchanganya. Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo katika njia ile walikuwa watu huru. Walipatana ujira wao, mara nyingi kwa nguo na shanga, na wakidhulumiwa walitua mizigo wakaondoka. Mbele yao alikwenda kirangozi na bendera, na ngoma ikipigwa. Watumwa walikuwa watu wengine. Walitekwa, wengi wao katika nchi za ng'ambo ya Ziwa, wakavushwa kwa mitumbwi na majahazi mpaka Ujiji, wakafungwa shingo kwa shingo, na wengine walibebeshwa pembe juu ya kifungo. Njia ilikuwa moja. Kumwita kila mpagazi mtumwa ni kumvunjia heshima mtu aliyefanya kazi yake. Na kuwasahau watumwa ni vibaya zaidi. Mzee wetu alitaja yote mawili, wala hakuficha kwamba wafanya biashara ile walikuwa Waarabu na Waswahili na hata baadhi ya watemi wa bara. Mwaka 2006 Serikali ya Tanzania ilipeleka jina la njia hii, pamoja na Ujiji, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Njia za Wainka zilikwisha kuandikwa katika orodha yenyewe mwaka 2014. Yetu bado yangoja.

Kijana mwingine alishangaa kwamba mnara hauko ukingoni mwa maji, hali picha za zamani zaonyesha Ujiji na Ziwa pamoja. Sababu ni mto Lukuga, ulio upande wa Kongo, ndio pekee utoao maji ya Ziwa. Zamani mlango wake ulizibwa na matope na magugu, maji yakapanda mwaka hata mwaka. Kisha, yapata mwaka 1878, kizuizi kilivunjika, Ziwa likashuka futi nyingi, na ufuko ukaenda mbali.

Kutoka Ujiji tulirudi Kigoma, maili chache tu. Tulipitia stesheni ya gari la moshi, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Kwa reli hiyo Wajerumani walileta meli nzima ndani ya masanduku kama 5,000, wakaiunga hapa hapa, wakaishusha majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, walipokuwa wakikimbia, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, lakini kwanza mafundi walizipaka injini mafuta mazito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 injini zilikuwa nzima. Mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, ikachukua abiria kwa miaka mingi mno. Wanafunzi walipendezwa na fundi yule wa mafuta kuliko na manahodha wote.

Asubuhi tulishuka Kibirizi, tukapanda mtumbwi wa mashine kwenda Gombe, maili kama kumi kaskazini. Hapa pana neno la busara: Ziwa hili urefu wake wapata maili 420, na kina chake mahali pengine chafika futi 4,800, hata chini yake ni chini kuliko uso wa bahari. Upepo ukivuma, mawimbi yake si ya mchezo. Ondokeni mapema, vaeni maboya, wala msiingie katika chombo kilichojaa kupita kiasi, hata mwenye chombo akiapa.

Hifadhi ya Gombe ni ndogo, lakini milima yake yaanguka Ziwani kwa ukali, na kila bonde lina kijito chake. Jane Goodall, Mwingereza aliyefariki Oktoba 2025, alifika hapa Julai 1960. Mwaka ule ule aliona sokwe akitia kijiti katika kichuguu, akikitoa na mchwa wameking'ata, akawala. Na wataalamu waliosema kwamba mwanadamu peke yake ndiye mwenye zana ikawabidi wafikiri upya. Katika vilima hivi naye alikuwa na mwenyeji wa kumwonyesha njia, Rashidi Kikwale. Kiongozi wetu alitupa barakoa za kufunika pua na mdomo, kwa kuwa mafua yetu huweza kuwaua sokwe. Tulipanda saa tatu, tukishika mizizi. Tuliona matandiko yao mitini, tukasikia makelele yao katika bonde la pili, na mwisho tukamwona mmoja tu, ameketi akijikuna, asitujali kabisa. Wanafunzi walisema yule mmoja alitosha. Sisi walimu tulikuwa hatuna pumzi ya kusema neno.

Huko juu kiongozi alituelekeza kusini, akatueleza habari za mlima Nkungwe, ambao hauonekani kutoka pale. Nao ni mkubwa wa milima ya Mahale, urefu wake futi 8,077, yaani wapita kidogo kile kimo cha Machu Picchu. Kwa Watongwe mlima huo ni mtakatifu, makao ya mizimu yao. Mahale ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na Watongwe hawakai tena ndani yake. Juu ya Nkungwe hamna mji wa mawe. Aendaye huko asipoongozwa na mtu ajuaye habari za Watongwe, ataona misitu na majani tu, atashuka akisema hapakuwa na kitu.

Tulirudi jioni, Ziwa limetulia, wavuvi wakianza kuwasha taa zao. Upande wa magharibi milima ya Kongo ilionekana buluu. Yule msichana aliyeuliza habari za watumwa alikuwa amenyamaza tangu Gombe. Kwao ni Ujiji, na kabila lake ni Wamanyema. Akamwuliza mzee, aliyekuwa amefuatana nasi, kama ajua mahali ambapo mitumbwi kutoka ng'ambo ilikuwa ikishusha watu. Alisema kwamba bibi yake hutaja jina la mama mmoja wa zamani aliyeletwa mtoto, na zaidi ya jina hilo hawajui kitu.

Mzee hakujibu mara moja. Kisha akainua bakora yake akaonyesha kusini, zaidi ya rasi ya Kigoma, akasema, "Kule, mwanangu. Kesho asubuhi njoo na bibi yako, tutakwenda pamoja."

Akatoa daftari lake na kalamu. Giza lilikuwa limekwisha kuingia, nasi tukamshikia taa aandike.