Kwaresima na njaa ya masika: nani anapaswa kufunga?

Kwaresima hutukuta sisi wa bonde la Kilombero mpunga ukiwa mbichi shambani na akiba ya mwaka jana ikielekea kwisha. Ndipo tunajiuliza: mwenye njaa afunge nini?

Kanisa Katoliki limeweka siku mbili za kufunga kwa lazima: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo muumini hula mlo mmoja wa kushiba, na kidogo tu mara mbili akihitaji. Sheria inawahusu wenye miaka 18 hadi 59. Kuacha nyama huanza miaka 14. Perege na kambale wa mtoni wanaruhusiwa. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawabanwi.

Na asiye na chakula? Hadaiwi mlo asio nao. Anaweza kufunga ulimi, pombe au ugomvi wa mpaka wa shamba.

Mwenye akiba ndiye mwenye kazi kubwa, kwani kufunga, kusali na kutoa sadaka huenda pamoja. Mchele aliojinyima ukibaki ndani kwake, amebana matumizi tu. Ufike kwa jirani kabla ya Pasaka, maana mavuno bado yako mbele.