Mombasa na Nchi Iliyoizunguka: Mahali Pafaapo Kutembelewa

Wageni wengi wafikao Mombasa huitazama Ngome, hupiga picha mbili tatu, kisha hushuka pwani kuoga. Afanyaye hivyo ameuona nusu tu ya mji. Kisiwa hiki tangu zamani hakikuishi peke yake. Nafaka, pembe za ndovu na sandarusi vilitoka katika vilima vya bara, na nguo na shanga zikapelekwa huko. Waswahili wa Thenashara Taifa walifungamana kwa mapatano na Wamijikenda, wakasaidiana katika biashara na vita. Kwa hiyo mwenye nafasi ya siku tatu na azitumie kisiwani na ng'ambo yake pia.

NGOME NA MJI WA KALE

Wareno walianza kuijenga Ngome mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Mwezi wa Machi 1696 Waomani waliizingira, na mazingiwa hayo yaliendelea hata Desemba 1698. Watu hudhani kwamba vita vile vilikuwa vya Wareno na Waarabu tu. Sivyo. Maradhi yaliwaua Wareno wengi sana, na mwaka 1697, jemadari wao alipokufa, ulinzi ulishikwa na Bwana Daudi wa Faza pamoja na watu wa pwani waliokuwa ndani.

Tangu mwaka 1895 hadi 1958 Ngome ilikuwa gereza, na mwaka 1960 ilifunguliwa kuwa makumbusho. Humo vimewekwa vyombo vilivyotolewa baharini katika merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697.

Karibu na hapo ni Mji wa Kale, wenye milango ya nakshi, baraza na vichochoro vyembamba. Nyumba zake za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zikabebwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vingi ni virefu na vyembamba: upana wa chumba haukuweza kupita urefu wa boriti.

NG'AMBO YA KASKAZINI

Akivuka Daraja la Nyali, msafiri hufika Kengeleni. Jina hili latokana na kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele hiyo ingali imetundikwa kando ya njia.

Mbele zaidi, kupita hori ya Mtwapa, ni magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14. Kuta za nyumba, visima na msikiti ulio ufuoni vyaonyesha kwamba watu wa pwani walikuwa na miji ya mawe muda mrefu kabla ya Mreno kuonekana.

RABAI

Katika vilima vya kaskazini-magharibi ni Rabai, ambako Johann Ludwig Krapf alianzisha kituo cha misheni mwaka 1846. Mwenzake, Johannes Rebmann, alitoka huko akauona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, naye Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849. Lakini kabla yao Warabai walikuwa na kaya zao, vijiji vyenye boma ndani ya msitu. Watu walipohama, msitu ulibaki kuwa mahali pa ibada na makaburi.

KINONDO

Kusini, baada ya kuvuka kwa feri ya Likoni na kupita Diani, ipo Kaya Kinondo, ambayo wenyeji wamekubali wageni waiingie. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, naye huongozwa na mwenyeji. Hakati mti, wala haondoki na kitu.

Kwa sheria hizo za wazee, misitu hiyo ilidumu wakati mashamba na nyumba zilipoimaliza mingine. Walakini amri za wazee peke yake hazikutosha tena ardhi ya pwani ilipopanda bei. Ndipo mwaka 1992 Serikali ilipoanza kuzitangaza kaya kuwa urithi wa taifa, na mwaka 2008 kadhaa ziliandikwa katika Urithi wa Dunia. Ngome ilifuata mwaka 2011.

Hata hivyo, tangazo halizibi ufa. Nyumba ya matumbawe ikiachwa, mvua hupenya darini, boriti huoza, paa huanguka, kisha ukuta hufuata. Kigae kikiokotwa gofuni na kutiwa mfukoni, hakimfundishi mtu jambo lo lote tena, kwa maana mahali kilipolala ndipo palipokuwa na habari yake. Imempasa kila mgeni kulipa kiingilio, kumfuata kiongozi, kutopanda kuta, na kukiacha kila kitu pale alipokikuta, ili naye ajaye kesho apate cha kuona.