Aliyepasuliwa Utumbo Si Najisi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi na akateremsha dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.

Msomaji mpendwa, juma hili twaielekeza kalamu bara, kwenye vilima vya majani chai vya Kericho na Bomet. Huko wako Waislamu wenzetu: wenye maduka mijini, watumishi wa mashamba, na mabinti wa pwani walioolewa huko. Nao, kama familia zote, hufikwa na maradhi. Miongoni mwa yanayojulikana katika nyanda za juu za Afrika Mashariki ni kujisokota kwa utumbo mpana.

Sehemu ya mwisho ya utumbo huo ikiwa ndefu kupita kiasi, huweza kujizungusha kama kamba ikajifunga. Tumbo hufura likawa kama ngoma, choo hukatika, hata upepo hautoki. Huwapata wanaume zaidi, lakini wanawake hawakusalimika. Na mjamzito huweza kuchelewa kutambuliwa kwa kuwa tumbo lake tayari ni kubwa. Mara nyingi daktari huweza kuusokotoa utumbo kwa mpira unaopitishwa njia ya haja kubwa, lakini hurudi kujisokota, kwa hiyo hushauri sehemu hiyo ikatwe. Utumbo ukiwa umekwisha kufa kwa kukosa damu, hapana budi kupasua upesi. Pengine ncha ya utumbo hutolewa nje kwenye ngozi ya tumbo, na choo kikapokelewa na mfuko. Hiyo ndiyo kolostomi. Wengine hufungiwa tena baada ya miezi kadhaa, wengine huishi nayo daima.

Hospitali ya Tenwek huko Bomet, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kikristo mwaka 1937, ina madaktari wa upasuaji na hufunza wengine. Ziko pia hospitali za serikali za Longisa, Kapkatet na Kericho. Muislamu asione haya kutibiwa popote penye ujuzi. Aeleze kwa adabu chakula asichokula, na mwanamke aombe muuguzi wa kike pale inapowezekana.

Lakini operesheni ni nusu ya safari. Nusu ya pili hutembewa nyumbani, na huko ndiko wengi huachwa peke yao.

Mwili una haki yake

Utumbo ulioshikwa na mikono ya daktari hulala kwa siku kadhaa. Mgonjwa akitoa upepo, hiyo ni bishara njema: utumbo umeamka. Chakula na kinywaji afuate alivyoagizwa: kwanza vya majimaji, kisha uji laini, wali uliolainika, yai au samaki asiye na viungo vikali. Ale kidogo kidogo, atafune sana, anywe maji ya kutosha. Ugali mzito, maharagwe na mboga zenye nyuzi nyingi virudi polepole.

Ainuke na kutembea mapema, kwani kulala sana hugandisha damu miguuni na kujaza makohozi kifuani. Akitaka kukohoa au kucheka, aukumbatie mto juu ya kidonda. Kwa muda wa majuma 6 hivi, au zaidi daktari akisema, asinyanyue kitu kizito. Hapa wake wa mashambani hupata mtihani: kikapu cha majani chai, mtungi wa maji, mzigo wa kuni, mtoto wa mgongoni. Vyote hivyo vyaweza kufungua misuli iliyoshonwa ikaleta ngiri. Mume na watoto wabebe.

Arudishwe hospitali bila kungoja akishikwa na homa, kidonda kikitoa usaha au kuachana, tumbo likifura tena huku akitapika, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Mwenye kolostomi aitazame kila siku: rangi yake iwe nyekundu na yenye unyevu, kama ndani ya mdomo. Ikigeuka nyeusi, ni jambo la haraka. Mfuko umwagwe ukifika thuluthi, usingojwe ujae. Ngozi ioshwe kwa maji na kukaushwa vizuri kabla ya kuubandika mwingine.

Moyo nao una kidonda

Aliyekuwa akipika na kulea huamka hawezi kujigeuza kitandani. Hulia bila sababu, hukosa usingizi, huogopa kula asije akaumwa tena. Mwenye mfuko huona haya ya harufu na sauti. Hukataa wageni, na huhama chumba cha mumewe kabla hajaambiwa neno. Hayo si upungufu wa imani. Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Huzuni ikizidi majuma mawili, au mgonjwa akianza kutamani kufa, daktari aelezwe kama anavyoelezwa homa.

Na mume ajue: kidonda kikipona na daktari akiruhusu, maisha ya ndoa hurudi, hata penye mfuko. Neno lake la kwanza juu ya mfuko ule mke hatalisahau. Vivyo hivyo mke kwa mumewe.

Mlango wa ibada haukufungwa

Hapa ndipo wengi hujidhulumu. Mtu huacha sala miezi mizima akidhani kuwa yeye sasa ni najisi. Ndugu yangu, kinachotoka ndicho najisi. Wewe si najisi. Suratul-Baqara, aya ya 286, yatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu haitwishi nafsi ila iwezalo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza Imran bin Huswein asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Na Fatima binti Abi Hubaish, aliyekuwa akitokwa na damu isiyokoma, hakuambiwa aache sala.

Wanachuoni wamempima kwa mwanamke huyo kila asiyeweza kuzuia kinachomtoka. Katika madhehebu yetu ya Shafi, hujisafisha, akaziba vizuri, akatawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha akasali bila kukawia, hata kama kitu kitatoka katikati. Kubadilisha mfuko kila sala kukiwa na mashaka, wako wanachuoni waliomkhafifishia. Amwulize sheikh wake. Kidonda kisichofaa kuguswa na maji kina hukumu za tayamamu na kupangusa juu ya bendeji. Mfuko uliozibwa barabara haumzuii kuingia msikitini. Na Ramadhani asishindane na mwili: utumbo uliokatwa huweza kupoteza maji upesi, na ruhusa ya mgonjwa imo katika Qur'ani.

Wajibu wa walio karibu

Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Tumzuru kwa muda mfupi, tusimletee sinia la pilau wala hadithi za waliokufa kwa maradhi kama yake. Tusizibe pua. Tumwulize tumfulie nini, tumpikie nini, nani atamchukua hospitali. Mifuko ya kolostomi ni ghali, na wengine hubaki na vitambaa tu. Sadaka ya mifuko michache yaweza kumrudisha mtu jamaani. Kila familia ihakikishe pia imejiandikisha katika bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Daktari ameshona ngozi. Kumrudisha mtu kwenye jamvi la chakula, kwenye safu ya sala na kwenye mazungumzo ya barazani ni kazi yetu sisi.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu wa bara na wa pwani, uwape subira wanaowauguza, na ututie huruma nyoyoni mwetu. Amin.