Shafti Inapokatika Mara ya Pili

Shafti ya mashine ya kusaga mahindi ikikatika, nyingine hukerezwa haraka kutokana na chuma laini chochote kilichopo karakanani. Vipimo ni vilevile, lakini kaboni sivyo. Chuma laini huwa na kaboni chini ya asilimia 0.3, chuma cha kati kina 0.3 hadi 0.6, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua. Chuma cha kati cha daraja la C45 huhimili mvutano wa takriban megapaskali 600, ilhali chuma laini cha kawaida huishia kwenye 400 hivi. Tena chuma cha kati kinakubali moto: kikipashwa hadi nyuzi 840 hivi na kuzamishwa ghafla majini, kaboni hunaswa ndani ya fuwele za chuma, nacho huwa kigumu hata tupa huteleza juu yake bila kung'ata. Kwa kuwa hapo huvunjika upesi, hupashwa tena kwa nyuzi 550 hadi 650 ili kirudiwe na uvumilivu. Chuma laini ukikifanyia hayo unateketeza mkaa bure.

Lakini si kiongezwe unene tu? Hoja hiyo ina uzito: nguvu ya kuhimili msokoto hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu, hivyo nyongeza ya robo ya kipenyo karibu huongeza nguvu maradufu. Penye nafasi, basi, chuma laini kinene kinatosha na bei yake ni nafuu. Tatizo ni kwamba tundu la beringi halitanuki. Na kama shafti inayumba badala ya kukatika, chuma cha kati hakitasaidia kitu, kwa maana vyuma hivi viwili hupinda karibu sawa kabla ya kuzidiwa.

Pingamizi la wachomeleaji ni zito zaidi: chuma cha kati hupasuka kando ya weldi. Ni kweli, kwa sababu shafti baridi hunyonya joto upesi, na sehemu ile huwa kama iliyozamishwa majini. Dawa ni kuipasha kwanza hadi nyuzi 200 hivi, kutumia elektrodi kavu zenye haidrojeni kidogo, kisha kuifukia kwenye majivu makavu ipoe taratibu. Kazi inaongezeka, sikatai; ila kusaga kukisimama msimu wa mavuno hasara ni kubwa kuliko saa hizo. Anayenunua chuma cha mabaki akiguse kwenye grenda kwanza: cheche za chuma laini ni ndefu na zenye matawi machache, za chuma cha kati hupasuka vijitawi vingi.