Watetezi wa bahari isiyo na mwenyewe

Jodari hajui mpaka. Leo yumo katika maji ya Somalia, kesho yuko zaidi ya maili 200 za baharini kutoka pwani, mahali ambapo hakuna serikali yenye amri. Maji hayo, bahari kuu, ni karibu theluthi mbili ya bahari zote duniani.

Mwaka 2011 mashirika ya kiraia yaliungana chini ya jina High Seas Alliance kudai mkataba wa kuyalinda. Kazi yao haikuwa kelele tu. Nchi ndogo hupeleka wajumbe wachache New York, ilhali vikao huenda sambamba. Mashirika huja na wanasayansi na wanasheria wa kuwasaidia.

Usiku wa Machi 4, 2023, baada ya mazungumzo kupitiliza muda, mwenyekiti Rena Lee wa Singapore alitangaza kuwa maafikiano yamepatikana. Lakini bila nchi 60 kuridhia, hiyo ilikuwa karatasi tu. Mashirika yakaanza kuhesabu hadharani, nchi moja moja. Seychelles iliridhia mapema, 2024. Idadi ikatimia Septemba 2025, na mkataba ukaanza kutumika Januari 17, 2026.

Sasa lipo gumu zaidi. Maeneo ya hifadhi hupendekezwa na serikali, si mashirika. Na meli kubwa zinazomtangulia mvuvi wa Lamu au Mtwara kwa jodari bado zinasimamiwa na kamisheni nyingine, ile ya jodari wa Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria, Seychelles. Huko nako watetezi wanabisha hodi.