Kumvaa mhusika na kumvua: kwa makundi ya maigizo ya Busia na Tororo

Ukiigiza mbele ya watu wa Busia au Tororo, jiandae kukaguliwa. Watazamaji wa hapa wanaujua mpaka. Wasamia na Wateso wana ndugu pande zote mbili, na wengi wanakumbuka mwanzo wa 2008, wakati ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipowafanya maelfu ya Wakenya kuvukia Uganda kupitia Busia na Malaba. Baadhi yao walipokelewa katika kambi ya muda ya Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo.

Kwa hiyo ukiigiza mama anayekimbia, na ukaanza kulia kwa sauti tangu unapoingia, usishangae ukisikia kicheko nyuma. Si kwamba watu hawana huruma. Wanajua kuwa mama anayevuka na watoto mara nyingi hana hata nafasi ya kulia. Anawahesabu watoto. Anakaza fundo la mzigo. Anamtafuta mtu wa kumwonyesha maji yalipo.

Waigizaji wapya hudhani kazi yao ni kuhisi anachohisi mhusika. Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa ukumbi mashuhuri wa maigizo mjini Moscow mwaka 1898, aliwafundisha waigizaji kujiuliza swali lingine: ningefanya nini kama ningekuwa katika hali hii? Angalia kuwa anauliza kuhusu kufanya. Ukijua mama yule anataka nini sasa hivi, na mikono yake ina kazi gani, hisia huja yenyewe. Na hata isipokuja, mtazamaji ataelewa.

Je, ni lazima uwe umeyapitia? Tazama filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016, kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa Kampala aliyepata sifa katika mchezo wa chesi. Aliyemwigiza, Madina Nalwanga, naye aliwahi kuuza mahindi barabarani Kampala alipokuwa mtoto, kama Phiona. Mama yake Phiona aliigizwa na Lupita Nyong'o, Mkenya ambaye hakukulia Katwe. Mmoja alikuwa na kumbukumbu za kumsaidia, mwingine ilimbidi atazame na kuuliza. Wote wawili wanaaminika. Kubeba beseni la mahindi kunakupa shingo na mwendo wa mhusika, lakini hakukupi mawazo yake. Hayo kila mwigizaji huyatafuta upya.

Mgumu zaidi ni mhusika mbaya. Katika makundi mengi hakuna anayetaka kuwa askari, mporaji au mume anayepiga, na anayekubali humwigiza kwa kupiga kelele tu. Forest Whitaker, Mmarekani aliyemwigiza Idi Amin katika filamu ya mwaka 2006, alijifunza Kiswahili na kupiga kodiani, kwa sababu Amin alikipiga kinanda hicho. Hakumtetea Amin. Alimpa ucheshi na mvuto, na hapo ndipo mtazamaji anapoogopa, kwani anaelewa jinsi watu walivyovutwa. Mume wa kwenye igizo lenu naye anataka kitu: heshima labda, au kuficha kwamba hana kazi. Msipokionyesha, wanaume walioketi mbele watasema huyo si mimi.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi: mtu kupewa kuigiza kisa chake mwenyewe. Waandaaji hupenda hivyo, na sisi wa mashirika tumo, maana picha hutoka nzuri. Kwa maoni yangu isifanyike, hasa kidonda kikiwa bado kibichi. Watazamaji wakicheka mahali pasipofaa, wamemcheka yeye. Na akitambuliwa, jamaa zake waliobaki nyumbani wanaweza kulipia.

Njia nyingine ipo, na bibi zetu wanaijua. Mtambaji anapofika kwa fisi, anakuwa fisi: sauti inakwaruza, mabega yanashuka. Kisha anatamka "akasema", na mara moja ni bibi tena, ameketi jikoni. Neno hilo moja ni mlango wa kuingilia na kutokea. Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 na kuishi ukimbizini miaka mingi, aliwafanyisha waigizaji zoezi linalofanana sana na hilo: wakiwa mazoezini waseme maneno ya mhusika kama ya mtu wa tatu, katika wakati uliopita. Mfano wake mwingine ni shahidi wa ajali barabarani. Ukisimulia jinsi bodaboda ilivyomgonga mtu, unaonyesha alivyogeuka na alivyoanguka, lakini huhitaji kuwa yeye ili tuelewe.

Jaribuni hivyo. Mwenye kisa akae pembeni kama mshauri, kama mwenyewe ametaka, na awe na haki ya kusema hapana. Badilisheni kijiji, kazi na idadi ya watoto, na msitumie jina la mtu anayejulikana. Kila nafasi ifundishwe kwa watu wawili, ili mmoja akijisikia vibaya asubuhi ya onyesho aondoke bila kuulizwa sababu.

Onyesho likiisha, msikimbilie kufungasha vitu. Kila mwigizaji avue leso au koti la mhusika, asimame mbele ya watu, ataje jina lake na anakoishi. Aliyekuwa askari aanze. Watoto waliomwogopa wamwone akiwa kijana wa mtaani kwao, wamsalimie, kabla hajakutana nao sokoni kesho.