Kabla ya Kununua Mbegu ya Kitunguu Saumu kwa Bustani ya Nyumbani

Mama mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na pakiti tupu mkononi. Juu yake palichorwa kichwa kinene cha kitunguu saumu chenye michirizi ya zambarau, na maandishi yaliyoahidi "shingo ngumu, mbegu ya Ulaya". Ndani yake, alitueleza, mlikuwa na chembe ndogo nyeusi. Alizisia, akazimwagilia msimu mzima, zikamtolea vitunguu majani. Alitaka arudishiwe fedha zake, lakini hakuwa na risiti wala hakumkumbuka aliyemuuzia.

Angejua jambo moja tu, asingeinunua pakiti ile. Kitunguu saumu hakipandwi kwa chembe. Binadamu amekiotesha kwa kupanda punje zake kwa maelfu ya miaka, hata mmea wenyewe ukapoteza karibu kabisa uwezo wa kutoa mbegu za kweli. Watafiti huzipata kwa taabu nyingi katika vituo vyao, na si bidhaa ya kujaza pakiti za dukani. Kwa hiyo mkulima anaposema "mbegu ya kitunguu saumu" anamaanisha kichwa kizima kinachobanguliwa punje na kupandwa. Anayekuuzia chembe nyeusi anakuuzia kitu kingine, mara nyingi kitunguu maji, liki au kitunguu majani.

Mboga hii ikiwa bustanini kwako, basi, kila punje ni mmea uleule uliokuwa kwa mkulima wa kwanza. Imerithi sifa zake, na imerithi pia maradhi yake. Tutalirudia hili la maradhi, kwa kuwa ndilo lenye hasara kubwa kuliko bei ya pakiti.

Shingo ngumu ni nini?

Vitunguu saumu vimegawanyika katika makundi mawili makubwa. Cha shingo laini hakitoi bua la ua. Kichwa chake huwa na punje nyingi, 10 hadi 20 na zaidi, zilizopangana tabaka juu ya tabaka, za ndani zikiwa nyembamba. Cha shingo ngumu hutoa bua gumu katikati, ambalo hujikunja kama mkia wa kinyonga kabla ya kunyooka, na punje zake, kwa kawaida 4 hadi 12, hulizunguka bua hilo katika duara moja. Punje hizo ni nene, humenyeka kwa urahisi, na wapishi wengi huzisifu kwa ladha. Kasoro yake ni kwamba hakikai ghalani muda mrefu: miezi 3 hadi 6, ilhali cha shingo laini chaweza kufika miezi 9.

Njia ya kuvitambua ni rahisi. Kata kichwa kimoja kwa mapana. Ukiona kijiti kigumu katikati na punje kulizunguka mara moja tu, hicho ni shingo ngumu. Muuzaji anayekataa kichwa kimoja kikatwe mbele ya mnunuzi wa kilo tano, sisi tungemwacha na mzigo wake.

Usichanganye shingo ngumu na kile kiitwacho kitunguu saumu tembo, ambacho kichwa kimoja chaweza kulingana na ngumi ya mtu mzima. Hicho, kwa ukoo, ni jamaa wa karibu wa liki, na ladha yake ni hafifu. Si kibaya, ila hakistahili bei ya kitu kisichokuwa.

Hali ya hewa haidanganywi

Asili ya kitunguu saumu ni Asia ya Kati, katika milima yenye baridi kali na kiangazi chenye siku ndefu. Aina za shingo ngumu zimebaki na desturi ya huko. Ili kichwa kigawanyike punje, mmea huhitaji baridi ya takriban nyuzi 0 hadi 10 za Selsiasi kwa majuma 6 hadi 8, kisha siku zinazozidi kurefuka. Mkulima wa Kanada au Ujerumani hupanda mwezi Oktoba, punje zikalala chini ya theluji, na mwezi Juni jua la huko huangaza zaidi ya saa 15 kwa siku.

Kwetu mambo ni mengine. Mbulu, wilaya inayosifika kwa kilimo cha kitunguu saumu, ipo karibu na Ikweta kiasi kwamba tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki hata nusu saa. Njombe, kusini zaidi, tofauti hiyo ni takriban saa moja. Shingo ngumu iliyozoea Kanada ikipandwa hapa bila baridi hutoa majani mazuri ya kijani, kisha hukauka na kuacha kitunguu kimoja cha mviringo kisichogawanyika. Hakina madhara, waweza kukila au kukipanda tena. Lakini hakuna aliyelipa bei ya mbegu ya Ulaya ili apate hicho.

Tunatoa rai waziwazi. Anayeishi Dar es Salaam, Tanga mjini, Unguja au popote penye joto la pwani asitoe fedha kununua shingo ngumu ya kupanda. Anayeishi nyanda za juu apande kwanza kitunguu saumu kinachokubali kwao, kutoka kwa mkulima anayefahamika. Shingo ngumu ni ya kujaribu, nasi tungeanza na punje 20, wala si kilo 20, mahali kama Makete, Njombe au miinuko ya Mlima Meru ambako usiku wa kipupwe hushuka chini ya nyuzi 10.

Wapo wanaotumia jokofu. Vichwa hutiwa katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, vikawekwa kwenye sehemu ya kawaida ya jokofu, kamwe si penye kugandisha, kwa majuma 6 hadi 8. Vikitoka hubanguliwa na kupandwa mara moja, kwa kuwa vitachipua upesi. Njia hii hutoa baridi, lakini haiwezi kurefusha siku. Ni nusu ya dawa.

Hesabu ya mnunuzi

Punje moja hutoa kichwa kimoja. Kichwa chenye punje 8 hakiwezi kukupa zaidi ya vichwa 8, hata kama tangazo linasema 50. Kwa sababu hiyo linganisha bei kwa punje, si kwa kilo. Tuseme kichwa kinauzwa shilingi 4,000 na kina punje 8. Kila punje imekugharimu shilingi 500 kabla hujanunua samadi wala maji. Ikiwa kichwa cha kula sokoni kwenu kinauzwa chini ya hapo, unapanda kwa ajili ya ladha na furaha ya bustani, si kwa kuokoa fedha. Hakuna ubaya, mradi umejua.

Je, haitoshi kupanda kile cha sokoni? Wakati mwingine hutosha, hasa kikiwa kimetoka kwa wakulima wa nchini. Kilichoagizwa kutoka nje ni hadithi nyingine. Takriban robo tatu ya kitunguu saumu cha dunia hulimwa China, na katika baadhi ya nchi sheria huruhusu kitunguu cha kula kupigwa mionzi au kunyunyiziwa dawa ili kisichipue njiani na ghalani. Hilo si kosa kwa mlaji, maana kimeandaliwa kuliwa. Ni kosa kwa anayekiuza kama mbegu. Kipimo cha nyumbani ni kuweka punje tano juu ya kitambaa chenye unyevu kwa siku kumi. Zisipotoa mizizi wala chipukizi, zipeleke jikoni.

Hasara isiyofutika

Kuna ugonjwa wa kuvu uitwao uozo mweupe. Majani ya chini huanza kuwa manjano, mmea hulegea, na ukiung'oa unakuta utando mweupe kama pamba kwenye kitako cha kitunguu, wenye vidoa vyeusi vidogo kuliko chembe ya ulezi. Vidoa hivyo hukaa udongoni zaidi ya miaka 20 vikingoja mmea mwingine wa ukoo wa vitunguu. Dawa ya uhakika ya kuvisafisha katika bustani ya nyumbani hakuna. Kibaya zaidi, kuvu hii hupenda udongo wa ubaridi, yaani palepale panapokifaa kitunguu saumu. Husafiri ndani ya punje, kwenye udongo ulioganda mizizini, kwenye jembe la kuazima na kwenye viatu. Punje moja yenye ugonjwa yaweza kuifunga bustani ya familia kwa vitunguu vya kila aina hadi mtoto wa leo awe mzazi.

Ndiyo maana twasisitiza vichwa vikavu, vigumu, visivyo na udongo, vitako visivyo na utando wala madoa. Kimoja kikiwa na ugonjwa, acha mzigo wote. Kuchagua vilivyo safi ndani yake hakusaidii. Na ndiyo maana Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inadhibiti mimea inayoingizwa nchini. Ndugu anayerudi kutoka ughaibuni na vichwa vitatu vya shingo ngumu katika sanduku huwa na nia njema kabisa, lakini aulize kwanza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) kuhusu kibali cha kuingiza, na aje na cheti cha afya ya mimea cha nchi anakotoka. Zawadi isiyo na karatasi huweza kuzuiwa mpakani, na hilo ni afadhali kuliko ifike shambani na ugonjwa wake.

Kupanda na kuvuna

Kazi yenyewe si ngumu. Andaa tuta lililoinuka lenye udongo tifutifu usiotuamisha maji, ukichanganya samadi iliyooza vizuri au mboji. Bangua vichwa siku ya kupanda, chagua punje kubwa, ndogo ziende chunguni. Panda kina cha sentimita 5, ncha juu, nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya punje na 25 kati ya mistari. Panga muda ili kukomaa kuangukie kiangazi. Nyanda za juu kusini, kupanda mwishoni mwa mvua, Aprili au Mei, hukupa kipupwe mwanzoni na ukavu mwishoni. Weka matandazo, palilia kwa mkono, mwagilia bila kulowesha kupita kiasi. Usirudie kitunguu cha aina yoyote kwenye tuta hilohilo kwa miaka mitatu au minne.

Bua la shingo ngumu likijikunja duara moja, likate. Nguvu hurudi chini kwenye kichwa, na bua lenyewe hukaangwa kama mboga. Acha kumwagilia majuma mawili au matatu kabla ya kuvuna. Theluthi ya majani ya chini ikikauka, chimbua kwa uma wa bustani, usivute. Anika kivulini penye hewa kwa majuma mawili hadi manne, kisha tenga vichwa bora kwa msimu ujao.

Kwa kuwa shingo ngumu haikai sana, wengi hushawishika kuhifadhi punje ndani ya mafuta. Tahadhari: punje mbichi katika mafuta, nje ya jokofu, huweza kuzalisha sumu ya botulizimu, isiyo na harufu wala ladha na inayoweza kuua. Tengeneza kidogo, weka katika jokofu, tumia ndani ya siku nne. Kukausha vipande ni salama zaidi.

Ukinunua mbegu, omba risiti yenye jina la muuzaji, tarehe na maelezo ya bidhaa kama ilivyotangazwa. Palipo na lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), itunze pamoja na kifungashio. Bakisha punje tatu au nne bila kupanda hadi zilizopandwa zichipue. Muuzaji wa mtandaoni mpigie picha tangazo lake kabla hajalifuta. Ukishuku uozo mweupe, usiuchukue mmea na kuupeleka dukani au ofisini; mwite afisa ugani aje bustanini, na jembe lako lisiazimwe mpaka atakapokuja.